Mama Mitambo Anajibu: Pawa saplai mbili, ekstensheni moja

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia kwenye umeme. Sishangai. Mvua zimeanza, matawi yanalalia nyaya, na simu yangu inaita kila Jumapili mchana baada ya ibada na kila Jumamosi usiku katikati ya harusi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lake nimelikuta kwenye kumbi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mimi mwenyewe nimewahi kulifanya.

Shikamoo Mama Mitambo. Naongoza timu ya mitambo ya kanisa letu hapa Mwanza. Mwaka jana waumini walichanga tukanunua swicha kubwa ya picha, ile ya kuchagua kamera ipi ionekane kwenye skrini, yenye pawa saplai mbili (visanduku vya ndani vinavyoilisha umeme). Tuliambiwa moja ikifa nyingine inashika na watu hawatajua. Jumapili ya Matawi umeme ukakatika, swicha ikazima palepale, skrini zote nyeusi, matangazo mubashara yakafa hadi mahubiri yakaisha. Muuzaji anasema swicha ni nzima. Tumeuziwa feki? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Hamjauziwa feki, na muuzaji safari hii hajasema uongo.

Picha uliyoambatanisha ndiyo iliyonipa jibu. Nyaya mbili nyeusi zinatoka nyuma ya swicha, zinashuka pamoja kama mapacha waliovalishwa sare, zinaingia kwenye ekstensheni moja nyeupe ya matundu manne. Tundu la tatu lina chaji ya simu. Ekstensheni imechomekwa kwenye UPS (boksi la betri linaloshika kazi umeme ukikatika) iliyo chini ya meza, na UPS hiyo ina taa nyekundu inayowaka. Ile ni taa ya betri. Siku mnapiga picha ilikuwa tayari inalia, ila nadhani mtu alishabonyeza kitufe cha kuinyamazisha.

Pawa saplai ya pili inawakinga na kitu kimoja tu: kufa kwa pawa saplai ya kwanza. Haiwakingi na umeme wa mtaa, haiwakingi na UPS yenye betri iliyochoka, wala haiwakingi na mwanakwaya aliyejikwaa kwenye ekstensheni. Ninyi mmenunua mapafu mawili mkayaunganisha kwenye pua moja iliyoziba.

Fanya zoezi hili kabla hujatumia hata shilingi. Shika waya wa kwanza nyuma ya swicha, uufuate kwa kidole mpaka ufike kwenye mita ya umeme. Rudi, shika wa pili, uufuate vilevile. Mahali zinapokutana ndipo mtakapozimikia wote. Kwenu zinakutana mita moja kutoka kwenye swicha. Mnatakiwa kulisogeza hilo kutano mbali kadiri mnavyoweza.

Mimi ningepanga hivi. Waya wa kwanza, tuuite A, uingie kwenye UPS. Waya B usiguse UPS kabisa. Uende kwenye soketi ya ukutani inayotoka kwenye breka nyingine, na katikati yake kiwepo kile kidude kinachouzwa kwa ajili ya friji, kinachokata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi, halafu kinasubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Umeme wa mtaa ukikatika, A inaishi kwa betri. UPS ikifa, B inaishi kwa umeme wa mtaa. Na zile dakika ambazo kidude kinasubiri hazikuumizi, maana A ipo kazini.

Najua utaniuliza: kwa nini zote mbili zisiwe kwenye UPS, si ndiyo salama zaidi? Kwa sababu UPS nayo ni mashine. Ina betri, ina feni, ina rilei (swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe), na siku moja itaamua kuzima yenyewe huku umeme wa mtaa ukiwa mzuri kabisa. Tarehe 3 Februari 2013 Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kule New Orleans ilisimama dakika 34 baada ya nusu ya uwanja kuingia giza. Chanzo kilikuja kutajwa kuwa rilei, kifaa kilichofungwa maalumu kuulinda uwanja na hitilafu ya nyaya. Mlinzi ndiye aliyefunga mlango. Kama fedha zipo, nunueni UPS mbili, A na yake, B na yake. Kama hazipo, mpango wa UPS moja na umeme mbichi wa mtaa ni mzuri kuliko nyaya mbili kwenye UPS moja, na sitabishana na mtu kuhusu hilo.

Kile kidude cha friji usikidharau. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye harusi ukumbi fulani hapa Dar es Salaam. Ukumbi ulikuwa na fezi tatu, yaani nyaya tatu za kuleta umeme: jiko kwenye moja, viyoyozi kwenye nyingine, sisi wa picha kwenye ya tatu. Kati ya fezi na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, unapata volti 230, kati ya fezi na fezi unapata 400. Saa mbili na nusu usiku, maharusi hawajaingia, nikaona taa za jukwaani zinapata nuru kama asubuhi. Kule jikoni wakawa wanalalamika majiko hayapati moto. Nikachomeka mita yangu ya kupimia umeme kwenye soketi: volti 312. Nyutro ilikuwa imeachia kwenye sanduku la breka. Skrubu tu, imelegea, imeungua mpaka imekuwa nyeusi kama mkaa. Nyutro ikiachia, fezi zinaanza kugawana umeme zenyewe kwa zenyewe: yenye mzigo mzito inashuka, yenye mzigo mwepesi inapaa. Sisi tulikuwa wepesi. Swicha yangu ilikuwa na pawa saplai mbili na zote mbili zilikuwa kwenye soketi mbili tofauti, nilikuwa nimejipongeza kwa hilo. Soketi mbili, fezi moja. Ziliungua zote kwa kupishana sekunde chache, na harufu yake naijua mpaka leo, kama samaki aliyeungulia chunguni. Ile harusi tuliimaliza kwa kamera moja iliyounganishwa moja kwa moja kwenye projekta.

Tangu siku hiyo siingii ukumbini bila mita na bila vidude viwili vya friji kwenye begi. Watu wananicheka. Wacheke.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji huwa hasemi. La kwanza ni mzigo. Pawa saplai mbili zikiwa nzima kwa kawaida zinagawana kazi. Ukiwa na UPS mbili na kila moja imebeba asilimia 60 ya uwezo wake, unaona kila kitu kimetulia. Moja ikizima, mzigo wote unahamia kwa mwenzake, anapata asilimia 120, naye anazima. Kwa hiyo kila upande uwe na uwezo wa kubeba mzigo wote peke yake, na hata siku ya kawaida usizidi asilimia 40 hivi.

La pili ni ukimya. Pawa saplai ya kwanza ikifa kweli, hakuna atakayejua, si ndivyo mlivyoahidiwa? Basi itakufa mwezi wa tatu, mtaendelea kufanya ibada kwa moja mkidhani mna mbili, halafu ya pili itakufa mwezi wa tisa mkatafuta mchawi. Nyuma ya swicha kuna taa ndogo kwa kila moja, ya kijani. Swicha nyingi pia zinaonyesha hali yake kwenye ukurasa wa mipangilio. Mteueni mtu mmoja, mtu mwenye jina, azitazame kila Jumamosi wakati wa mazoezi. Na mkishamaliza kupanga upya, mjaribu: kwaya ikiwa inaimba, chomoa A, hesabu mpaka sitini, rudisha, subiri taa iwe ya kijani, kisha chomoa B. Mara ya kwanza mfanye bila waumini.

Hatari ya kutegemea njia moja, Unguja waliijifunza kwa uchungu. Umeme wao ulikuwa unavuka bahari kwa kebo moja kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Desemba 2009 hitilafu ya upande wa Fumba ikawatia gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Nilikwenda kufunga mitambo ya semina huko katikati ya giza lile, na mtu wa hoteli akaniambia kwa fahari kwamba wana jenereta mbili. Nikafuata mabomba ya mafuta kwa kidole. Tangi moja.

Salaam Mama. Tunafanya harusi za mubashara hapa Mombasa na Kilifi. Swicha yetu ni ile ndogo ya mezani, adapta ya 12 V, haina mahali pa waya wa pili. Tuna UPS ya 650 VA. Swali la kwanza: inatupa dakika ngapi? La pili ndilo linatusumbua: jenereta ikiwashwa, UPS inaendelea kulia kama haioni umeme, na baada ya robo saa au zaidi kidogo inazima, ilhali jenereta inanguruma pale nje. (Msomaji, Mombasa)

Salaam na baraka. Hiyo 650 isiwadanganye. Ni VA, si wati. Kwa UPS ndogo za bei hiyo wati halisi ni kama 360 au 390, na hizo ni uwezo wa kusukuma tu, hazikuambii muda. Muda uko kwenye betri. Ukiifungua ndani utakuta betri moja ya 12 V, 7 Ah (ampea-saa), yaani wati-saa 84 kwa hesabu ya karatasi. Betri ya aina hiyo ukiikamua haraka haikupi hata hizo, hesabu nusu.

Sasa jumlisha mzigo wenu. Swicha wati 20, kompyuta mpakato 65, monita 25, ruta 10, chaji za kamera 20. Hiyo ni 140, na UPS itawapa kama robo saa ikiwa betri ni mpya. Kwa joto la pwani betri haikai mpya. Kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25 zinapunguza umri wake karibu nusu, na UPS yenu naamini inasafiri kwenye buti la gari.

Lakini angalia: kompyuta ina betri yake. Kamera zina betri zake. Hao hawahitaji kula kwenye sahani ya UPS. Waondoe, waache swicha na ruta tu, wati 30, na UPS ileile inafika karibu saa nzima. Monita ikizima kwa dakika tano hakuna mgeni atakayelia.

Ila kwa vifaa vya 12 V mimi siku hizi nimeachana na UPS ya kawaida. Ni kazi ya kuchekesha: unachukua 12 ya betri, unaipandisha kuwa 230, kisha adapta inaishusha tena kuwa 12, na kila hatua inakula chake. Nina betri ya lithiamu chuma fosfeti (LiFePO4) ya 12.8 V, 20 Ah, ukubwa wa tofali dogo. Chaja inaijaza muda wote umeme ukiwepo, na swicha inakula kutoka kwenye betri kila siku, umeme uwepo usiwepo. Kwa hiyo umeme ukikatika swicha haina hata habari, hakuna kuhama. Kwa wati 30 nakaa saa sita. Masharti matatu: betri hiyo ikijaa inafika 14.6 V, kwa hiyo weka katikati kidude cha kutuliza kinachotoa 12 kamili; weka fyuzi karibu kabisa na betri; na soma kibandiko nyuma ya swicha uone chanya iko katikati au nje ya plagi. Ukigeuza, ndio umeaga. Na tafadhali usiunganishe adapta mbili kwenye waya mmoja ukidhani umetengeneza pawa saplai mbili. Moja ikiharibika inaivuta na mwenzake, mpaka ziwekewe daiodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, za kuzitenganisha.

Jenereta sasa. UPS yenu inauona umeme wa jenereta, ila inaukataa. Umeme wa mtaa unapiga mara 50 kwa sekunde. Jenereta ndogo ya petroli isipokuwa na mzigo inakimbia, inafika 52 au zaidi. Ikipewa mzigo inazama. Na ninyi mmeiunganisha na nani? Na muziki, nina hakika. Kila besi ikigonga, injini inashtuka. Simama karibu nayo wakati wa taarabu ya kisasa utaisikia inapumua na ngoma. UPS inaona umeme usiotulia, inarudi kwenye betri, inajaribu tena, inarudi. Ule mlio wa tak-tak mnaousikia ni rilei yake. Betri inapungua, haipati nafasi ya kujaza, inaisha. Jenereta ikiwa inanguruma, kama unavyosema.

Dawa ya bei nafuu: baadhi ya UPS zina namna ya kupunguza ukali wake wa kukataa umeme, kitufe cha nyuma au kwenye programu. Punguzeni. Dawa ya kati: jenereta ndogo ya inveta, ile inayotulia kama umeme wa mtaa, iwe ya picha peke yake, muziki na taa na friji la soda vibaki kwenye kubwa. Dawa ghali ni UPS ya aina inayoitwa “online”, ile inayobadilisha umeme wote kuwa wa betri na kuurudisha muda wote, haina kuhama hata kidogo na haichagui sana jenereta. Kwa kazi ya harusi za wikendi ningechukua ile betri ya lithiamu na jenereta ya inveta, nikasahau UPS.

Wakenya hamhitaji kuambiwa kwamba jenereta kuwepo na jenereta kuwaka ni vitu viwili. Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi ilipoingia giza, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta sehemu yake ilikaa gizani kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka. Yenu iwasheni saa moja kabla ya wageni, muipe mzigo, ndipo mwamini.

Mama, spika zetu zinavuma mmmm kila tukiunganisha sauti kutoka kwenye swicha ya picha. DJ ametufundisha kukata pini ya arthi kwenye plagi ya swicha na mvumo umekwisha. Kuna ubaya? (Msomaji, Morogoro)

Upo. Hiyo pini ndefu ya juu ndiyo inayobeba umeme ukivuja kwenye bati la swicha. Umeikata, siku ukivuja utapita kwa kijana anayeshika bati kwa mkono mmoja na maikrofoni kwa mwingine. Nunueni plagi mpya leo. Na wale wanaosokomeza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, nanyi mmesikia.

Mvumo unatokana na mikisa ya sauti kula umeme wa jukwaani na swicha kula umeme wa nyuma ya ukumbi, arthi mbili zisizolingana, na waya wa sauti umekuwa daraja kati yao. Jaribuni kwanza kulisha vyote viwili kutoka sehemu moja. Ikishindikana, wekeni transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Ni kiboksi kidogo kinachotosha kiganjani. Msomaji wa Mwanza asije akaona namsema kinyume: breka mbili kwa swicha moja ni sawa, maadamu arthi za pande zote mbili zinafungwa mahali pamoja kwenye sanduku la breka. Hilo mwachieni fundi mwenye leseni.

Ukumbi wetu wa mikutano Arusha una swicha ya pawa saplai mbili, UPS mbili, jenereta inayojiwasha. Tumefuata kila kitu. Juzi umeme ulikatika sekunde kumi tu, picha ukumbini haikutikisika, lakini waliokuwa wakifuatilia mtandaoni walitupoteza dakika nne. Tumekosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Hongereni kwanza, ni wachache wanaofika hapo. Swicha yenu haina kosa. Tembeeni na picha kutoka kwenye swicha mpaka itoke nje ya jengo, kifaa kimoja kimoja, na kwenye kila kimoja ulizeni: wewe unakula wapi? Kodeki (kifaa kinachoandaa picha iende mtandaoni), swichi ya mtandao, ruta. Kisha mtafika kwenye kile kiboksi cheupe cha mtandao wa faiba alichofunga fundi wa kampuni, na dau langu ni kwamba hakipo chumba cha mitambo. Kipo mapokezi, nyuma ya kaunta, kwenye soketi ya kawaida. Umeme umekatika sekunde kumi, kiboksi kimezima, kimewaka, kimeanza kutafuta njia yake upya. Dakika nne ni za hicho.

Hicho nacho kinatumia 12 V na wati zisizofika 15. Kipeni betri yake ndogo, wala msihangaike kuvuta waya wa UPS mpaka chini. Na mbandike karatasi kwenye ile soketi. Mteja wangu mmoja alipoteza ufunguzi wa kongamano bila umeme kukatika kabisa. Dada wa mapokezi alichomoa kiboksi ili achomeke birika la chai.